Kalibu Hufuata Mtutu: Vidokezo vya Kuchagua Kalibu ya Gololi za Gobori

Ukifika Friendship, kijiji kidogo katika jimbo la Indiana nchini Marekani, wakati wa mashindano ya kitaifa ya gobori, milio ya baruti nyeusi itakupokea tangu asubuhi. Chama cha kitaifa cha wapiga gobori kilichoanzishwa mwaka 1933 kina uwanja wake hapo. Jimbo la Pennsylvania nalo lina msimu wake wa kuwinda paa kwa bunduki za gumegume pekee, ulioanza mwaka 1974. Wazee na vijana humimina baruti mdomoni mwa mtutu, wakashindilia kitambaa na gololi ya risasi kwa mdeki, na wengi gololi hizo huzisubu wenyewe nyumbani. Kinachoamua kama gololi zitakwenda pamoja au kila moja na njia yake ni kalibu, na kalibu ndicho kifaa ambacho wanaoanza hukinunua kwa kubahatisha.

Vidokezo hivi ni kwa ndugu zetu walioko huko ambako mchezo huu ni halali. Hata hivyo, ulizia kwanza sheria za jimbo lako, maana hazifanani. Kwa msomaji aliye Kenya au Tanzania, gobori ni silaha mbele ya sheria kama bunduki nyingine, na halishikwi bila leseni. Wewe soma upate maarifa.

1. Pima mtutu kabla ya kupima mfuko

Nambari iliyogongwa kwenye bunduki ni jina tu. Bunduki mbili zinazoitwa za inchi 0.50 zinaweza kutofautiana kwa unywele, na unywele huo ndio unaotusumbua. Kwanza hakikisha bunduki haina kitu ndani: tumbukiza mdeki hadi mwisho, weka alama kwenye mdeki pale mdomoni, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje. Usipofika karibu na tundu la kuwashia, kuna kitu kimelala chini. Acha kila jambo hadi kitolewe.

Baada ya hapo chukua vernia, upime mdomoni kutoka tuta hadi tuta linalotazamana nalo. Matuta ni zile sehemu zilizoinuka kati ya mifereji. Pima mara kadhaa, pande tofauti, uandike. Mafundi wa karne ya 18 waliotengeneza bunduki ndefu kule Lancaster, Pennsylvania, hawakuwa na vipimo vya pamoja. Kila mtutu ulikuwa na upana wake, na mteja aliondoka na bunduki pamoja na kalibu iliyochongwa kwa ajili ya mtutu huo. Kalibu hufuata mtutu, na kazi yetu yote hapa ni kurudia utaratibu wao.

2. Piga hesabu ya vitu vitatu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo tusikimbie.

Kwenye gobori lenye mifereji, gololi haigusi mtutu. Inavishwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na kitambaa ndicho kinachoshika mifereji na kuizungusha gololi. Kwa hiyo hununui kalibu ya mtutu peke yake. Unanunua kalibu ya mtutu na kitambaa kwa pamoja.

Chukua mtutu wa inchi 0.500. Gololi ya inchi 0.490 inaacha nafasi ya inchi 0.005 kila upande, kama milimita 0.13. Ukishika kitambaa chenye unene wa inchi 0.015 utasema hakiwezi kuingia hata kidogo. Kinaingia. Pamba hubonyea, kiasi fulani hutafuta nafasi kwenye mifereji, na risasi laini nayo hukubali kuumbika. Ukiitazama gololi iliyoshindiliwa vizuri utaona msuko wa nyuzi umechapwa ubavuni mwake, uzi kwa uzi. Alama hiyo inakuambia kwamba kitambaa na gololi vimeshikana.

Kanuni ya kuanzia, basi, ni gololi iliyo ndogo kuliko mtutu kwa inchi 0.010, na kitambaa cha karibu inchi 0.015. Mtutu wa 0.32 huanza na gololi ya 0.310, wa 0.45 na 0.440, wa 0.54 na 0.530, wa 0.58 na 0.570. Mlenga shabaha wa mashindano mara nyingi hupanda hadi 0.495 kwenye mtutu wa 0.50, na inambidi aianzishe gololi mdomoni kwa kijiti kifupi na kuigonga. Mwindaji aliye porini kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi na anataka kushindilia mara ya pili kwa haraka, atashukuru kwa ile ya 0.490. Ukiniuliza mimi, kalibu ya kwanza iwe ya mwindaji. Gololi ndogo kidogo unaweza kuisaidia kwa kitambaa kinene, lakini gololi kubwa kupita kiasi hakuna kitambaa cha kuisaidia.

Kitambaa kiwe pamba tupu iliyosokotwa kwa kubana: kile cha mistari cha kushonea magodoro, marudufu, au merikani nzito. Kama ni kipya, kifue kwanza ili wanga utoke. Tetroni usiiguse, kwa sababu huyeyuka kwa moto wa baruti na kuganda mtutuni.

3. Jaribu gololi za dukani kabla ya kununua kalibu

Viwanda kama Hornady na Speer huuza gololi zilizokandamizwa kwa mashine, nyororo na zisizo na kikonyo. Nunua kisanduku cha 0.490 na kingine cha 0.495, chukua vitambaa vya unene wa aina mbili au tatu, nenda uwanjani. Ndani ya siku moja mtutu wako utakuwa umechagua wenyewe.

Usitazame shabaha peke yake. Tembea hatua chache mbele ya mahali unapopigia, uokote vitambaa vilivyoanguka. Kitambaa kizuri kinarudi kizima, kimeungua rangi kidogo katikati, na pembeni kina michirizi iliyoachwa na mifereji. Kilichotoboka au kuungua kingo kinamaanisha gesi inapita pembeni kwa sababu gololi ni ndogo au kitambaa ni chembamba. Kilichokatwa kwa mistari kama ya wembe kinaelekeza kwenye mtutu wenye makali, na huo husuguliwa. Kalibu mpya haitauponya.

Visanduku viwili ni bora kuliko kalibu utakayoitupa kabatini.

4. Hakikisha mtutu wako unapenda gololi

Mitutu mingine haikutengenezwa kwa gololi za mviringo. Tafuta mwendo wa mifereji yake. Mzunguko mmoja kwa kila inchi 60 au 66 ni wa gololi. Mzunguko mmoja kwa inchi 28 ni wa risasi ndefu, na gololi ndani yake mara nyingi hufanya vizuri kwa baruti kidogo tu. Inchi 48 iko katikati, na wengi huridhika nayo kwa aina zote mbili.

Musketi zisizo na mifereji zina hesabu nyingine kabisa. Brown Bess ya jeshi la Uingereza ina mtutu wa karibu inchi 0.75, na gololi yake ilikuwa karibu inchi 0.69. Pengo hilo kubwa liliwekwa kwa makusudi: askari alishindilia gololi pamoja na karatasi yake, haraka, hata mtutu ukiwa umejaa masizi ya mapigo yaliyotangulia.

5. Bastola ya silinda ina kanuni iliyogeuzwa

Kwenye bastola za fataki kama nakala za Colt na Remington hakuna kitambaa. Gololi lazima iwe kubwa kuliko chumba cha silinda, ili mkono wa kushindilia unapoisukuma ndani, mdomo wa chumba uikate pete nyembamba ya risasi pembeni. Pete hiyo ikianguka nzima nzima, duara kamili, ujue chumba kimezibwa vizuri. Ikitoka nusu, au isipotoka kabisa, gololi ni ndogo, na inaweza hata kusogea mbele wakati chumba cha jirani kinapopigwa.

Kwa nakala nyingi za kaliba 0.44 kalibu ni ya 0.451 au 0.454. Kwa 0.36 ni 0.375. Ruger Old Army inataka 0.457. Pima vyumba vyote, usitosheke na kimoja. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa, kwa sababu ukanda mpana unaobaki ubavuni mwa gololi hushika mifereji vizuri zaidi.

6. Alumini, chuma au shaba ya manjano

Alumini ndiyo ya bei ya chini, na kalibu za Lee za aina hii mara nyingi huja na mipini yake kabisa. Hupata joto upesi, haishiki kutu, na ni nyepesi mkononi hata kwa kazi ya saa nzima. Udhaifu wake ni ulaini. Ukiifunga kwa nguvu huku kuna punje ya risasi katikati, utaacha kovu kwenye uso wake na kuanzia siku hiyo kila gololi itatoka na ukingo. Tundu lake huvukizwa masizi ya kibiriti au mshumaa kabla ya kazi ili gololi ziachie.

Chuma, kama kalibu za Lyman, kampuni ya Connecticut iliyoanza mwaka 1878, hudumu kizazi hadi kizazi kikitunzwa. Huchelewa kupata joto lakini kikishalipata hukaa nalo, na gololi zinatoka za aina moja mfululizo. Adui yake ni unyevu. Iache kwenye banda bila mafuta msimu mmoja wa mvua, utaikuta tundu lina vidonda vya kutu ambavyo havifutiki. Angalia pia kama bei inajumuisha mipini, maana mara nyingi huuzwa kando.

Shaba ya manjano iko katikati kwa ugumu, ni nzito, ni nzuri kwa kutunza joto, na bei yake huumiza.

Anayeanza ningempa alumini bila kusita. Akishajua saizi ambayo mtutu wake unaitaka, na akaona kweli anaipenda kazi hii, chuma kitakuwa bado kipo dukani.

7. Tundu moja au mengi?

Wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, tarehe 9 Julai 1776, umati uliangusha sanamu ya risasi ya Mfalme George wa Tatu jijini New York. Vipande vyake vilisafirishwa hadi Litchfield, Connecticut, ambako wanawake na watoto wa mji, wakiwemo wa familia ya mwanasiasa Oliver Wolcott, walivisubu kuwa gololi za musketi. Hesabu iliyoandikwa ni gololi 42,088. Kwa kazi kama hiyo ungetamani matundu mengi kadiri mikono inavyoweza kubeba.

Wewe huna jeshi la kulisha. Matundu mawili yanatosha, na kwa gololi ndogo kama ile ya 0.310 yenye uzito wa chini ya gramu 3, mawili ni bora kuliko moja kwa sababu risasi kidogo ya tundu moja haitoshi kuiweka kalibu kwenye joto. Kwa gololi kubwa ya musketi hali ni kinyume: kipande kidogo cha alumini hupata joto kupita kiasi upesi, na tundu moja ndani ya kipande kinene humpa msubuji nafasi ya kupumua.

8. Tazama bamba la kukatia

Juu ya kalibu za kisasa kuna bamba lenye tundu la kumiminia. Likizungushwa, linakata kikonyo cha gololi. Bamba liwe bapa, lilale sawasawa juu ya kalibu, lizunguke bila kulegea. Likiinuka hata kidogo, gololi itabaki na chunusi pale juu badala ya alama bapa. Unapomimina, acha risasi ifurike kidogo juu ya bamba: gololi ikipoa husinyaa na kunyonya risasi kutoka hapo, na isipoipata hubaki na uvungu ndani usiouona kwa macho.

Kalibu ndogo za mkobani, za mtindo wa zamani, hazina bamba. Gololi hutoka na mkia unaokatwa kwa koleo. Ni nzuri kwa maonyesho ya historia. Kwa kusubu gololi za msimu mzima zitakuchosha, na nyingi hazina mipini ya mbao, kwa hiyo glavu za ngozi haziepukiki.

Unaposhindilia, kikonyo au alama yake iwe juu, katikati ya mtutu, kila mara.

9. Ukinunua mtumba, inua kalibu kwenye mwanga

Ifunge, uielekeze dirishani, uangalie kiungo cha nusu mbili. Mwanga ukipenya, weka chini. Kisha itikise polepole: nusu zisicheze moja juu ya nyingine, na vile vijiti vya kulinganisha viingie kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Soma historia yake usoni. Alama za nyundo kwenye vipande vyenyewe zinamaanisha aliyetangulia alikuwa akiipiga kalibu ili gololi ianguke. Panapogongwa ni kwenye skrubu ya bawaba ya mipini, tena kwa kipande cha mti. Mikwaruzo ya koleo kwenye bamba ni dalili nyingine ya papara.

Kutu ya nje husafishika. Ya ndani ya tundu achana nayo, hata muuzaji akikuapia.

Kama anakubali, omba gololi moja iliyosubiwa kwa kalibu hiyo, uipime mara mbili: kando ya mstari wa kiungo, kisha kuukata mstari. Tofauti ya inchi 0.001 ni ya kawaida. Ikifika 0.004 au 0.005, unachonunua kinasubu mayai.

10. Ijue risasi utakayoyeyusha

Nambari kwenye kalibu haitimii yenyewe, kwani inategemea unachomimina. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na ikipoa husinyaa kuliko iliyochanganywa na stani na antimoni. Kalibu moja, siku moja, inaweza kutoa gololi zinazotofautiana kwa inchi 0.001 au 0.002 kwa sababu ya mchanganyiko tu. Gobori linataka risasi tupu na laini, ile inayokwaruzika kwa ukucha. Risasi ngumu haikubali msuko wa kitambaa, na kwenye bastola inaweza kuvunja mkono wa kushindilia.

Wapelelezi Lewis na Clark walipovuka bara la Amerika kati ya 1804 na 1806, baruti yao ilifungwa ndani ya makopo 52 ya risasi, kila kopo likiwa na kilo 1.8 za baruti na lenyewe likiwa na uzito wa kilo 3.6. Baruti ikiisha, kopo linayeyushwa kuwa gololi zinazotosha baruti ile ile. Hakuna kilichobaki bila kazi.

Risasi ya betri za magari ikatae kabisa, hata ukipewa bure. Ina tindikali, na mchanganyiko wake unaweza kutoa gesi zenye sumu kali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua maana ya kuishi jirani na moshi wa betri zilizoyeyushwa. Mapambano yao yalimpa mwanaharakati Phyllis Omido tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Mizani itakusaidia pia. Gololi ya 0.490 ya risasi tupu ina uzito wa karibu gramu 11.5, yaani grani 177. Iliyopungua grani mbili au tatu ina uvungu, irudishe chunguni.

11. Nunua vifaa vya usalama pamoja na kalibu

Usivihesabu kama nyongeza. Risasi ni sumu, na kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Subu nje au kwenye banda lenye hewa inayopita, mbali na watoto na mjamzito. Sufuria na upawa vitakavyogusa risasi visirudi jikoni maishani. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Maji ni hatari nyingine. Tone moja likizama kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha chungu chote usoni. Kwa hiyo kalibu, upawa na kila kipande cha risasi viwe vikavu na vya moto kidogo kabla ya kukaribia chungu. Miwani ya kinga, mikono mirefu, glavu za ngozi, viatu vilivyofunikwa. Ndala hapana.

12. Funga lebo kwenye mpini

Kazi ikiisha, kalibu ya chuma ipakwe mafuta kidogo ingali na uvuguvugu. Siku ya kuitumia tena futa kabisa, maana mafuta yakibaki gololi hutoka na makunyanzi. Gololi chache za mwanzo zitakuwa na makunyanzi hata hivyo, hadi kalibu ipate joto. Zirudishe chunguni.

Kisha andika kwenye kipande cha ngozi: upana wa mtutu, kipenyo cha gololi inayotoka kwa risasi tupu, unene wa kitambaa na aina ya mafuta yake. Kifunge kwenye mpini. Na siku ukiuza bunduki, au ukimwachia mwanao, kalibu iende nayo na lebo yake.